Watoto wasifanywe miti jukwaani

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Muhula ukikaribia kwisha, wazazi hualikwa kutazama onyesho la watoto, na wengi hutumia siku hiyo kupima kama ada ya darasa la maigizo, ngoma au muziki haikupotea bure. Sisi tunaofundisha madarasa hayo hatukubaliani na kipimo hicho. Onyesho la dakika 20 huweza kumeza wiki 8 za mazoezi, na katika wiki hizo watoto 3 au 4 wenye sauti kubwa wakagawana maneno yote huku waliobaki wakipangwa nyuma kuwa miti. Mtoto aliyekuwa mti muhula mzima amejifunza kusimama tu.

Kinachomjenga mtoto ni dakika anazotenda. Hebu tupige hesabu. Darasa la watoto 20, muda saa moja, mwalimu anaita mmoja mmoja mbele: kila mtoto ana dakika 3, na hapo hatujatoa muda wa kuinuka na kukaa. Wagawe wawili wawili, wote wafanye kwa mkupuo, na kila mtoto atatenda nusu saa au zaidi.

Chukua mchezo wa kioo. Wawili wanatazamana, viganja usawa wa kifua bila kugusana. Mmoja anaongoza kwa dakika 2 polepole, mwenzake anamfuata, kisha wanabadilishana. Mwishowe hakuna anayeongoza. Mchezo huu huharibika kwa njia moja karibu kila mara: kiongozi anaenda mbio ili amshinde mwenzake. Kumkaripia hakusaidii. Badili shabaha: waambie kwamba mtu akiingia mlangoni asiweze kujua nani anaongoza. Papo hapo kiongozi anapunguza mwendo, anamtazama mwenzake machoni na kumngoja. Hakuna hotuba ya kumjali mwenzio inayofanya kazi hiyo kwa haraka namna hiyo.

Mchezo wa sanamu nao wengi wanaujua: ngoma ikikatika, kila mtu anaganda. Kwa wenye miaka 4 anza na sekunde 3, uongeze taratibu hadi 10. Wakishauzoea, geuza kanuni, yaani ngoma ikilia wagande, ikinyamaza wacheze. Faida imelala kwenye mgeuzo huo, kwa sababu mtoto anazoea kuuzuia mwili usikimbilie jambo la kwanza linalomjia. Uwezo huo huo humsaidia kungoja zamu na kusoma swali hadi mwisho kabla ya kujibu. Kosa kubwa ni kuwatoa mchezoni wanaokosea. Anayetolewa wa kwanza ndiye hasa aliyehitaji zoezi, naye sasa amekaa ukutani akiwatazama wasiolihitaji.

Katika mdundo, walimu wengi bado wanafuata njia ya Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi aliyetaka mwanafunzi auelewe mdundo kwa mwili kabla ya kuusoma kwenye karatasi. Miguu inatembea na pigo, mikono inapiga makofi ya mtindo mwingine juu yake. Wakianza kukimbiza mdundo, kwa kawaida ni kwa sababu wanapiga kwa nguvu hadi hawasikiani. Wapige kwa vidole viwili juu ya kiganja, watarudi pamoja. Kisha ingiza maneno: ki-ta-bu makofi 3, mwa-na-fu-nzi 4. Wengi hupiga 2 kwa “mtoto”, wakashangaa kuambiwa ni 3, kwa kuwa ile “m” ya mwanzo ni silabi kamili. Anayezisikia silabi namna hiyo ana kazi ndogo zaidi anapoanza kusoma.

Tahadhari kuhusu matangazo yanayoahidi kwamba muziki humfanya mtoto kuwa mwerevu kupita wote. Utafiti wa mwaka 1993 uliozua gumzo kwamba kusikiliza muziki wa Mozart huongeza akili ulihusu wanafunzi wa chuo kikuu, na athari yake ilidumu dakika chache tu. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg wa Canada alichapisha utafiti uliohusisha watoto 144 wa miaka 6. Waliofundishwa kinanda au kuimba walipanda katika vipimo vya akili kuliko wenzao, lakini kwa kiasi kidogo. Waliofundishwa maigizo hawakupata nyongeza hiyo. Wao walisonga mbele katika namna ya kuishi na watu. Kwetu hiyo ni sababu tosha ya kufundisha maigizo, na haihitaji chumvi.

Sauti nayo huumizwa na amri moja: “Paza sauti!” Mtoto akiisikia anakaza koo na kupiga kelele. Afadhali msimamishe mwenzake hatua 5 mbele, kisha 10, umwambie maneno yamfikie, huku akivuta pumzi bila kuinua mabega. Akikwaruza, apumzike. Ukwaruzo ukipita wiki 3, aonwe na daktari.

Kuhusu kupiga msamba, tunasema wazi: mwalimu asimkalie mtoto mgongoni wala kumsukuma mapaja. Ncha za mifupa inayokua bado ni gegedu laini na huumia upesi. “Samaki mkunje angali mbichi” ilikusudia tabia, si nyonga. Kuruka juu ya saruji tupu nako hapana.

Mwenye haya asivutwe mbele kwa mkono. Mpe kazi ya kweli, kama kushika pigo la ngoma au kuongea kupitia mwanasesere wa mkononi. Wengi huachia maneno wakijua macho ya watu yapo kwa mwanasesere.

Hatusemi maonyesho yafutwe. Wiki 3 zinatosha kuyaandaa ikiwa vipande vinatokana na michezo ambayo watoto wameshaicheza, na kila mmoja ana jambo la kutenda linaloathiri kinachofuata, hata kama ni kufunga mlango kwa wakati wake. Zaidi ya hayo, tunaomba shule ziwakaribishe wazazi katika dakika 15 za mwisho za darasa la kawaida, katikati ya muhula. Mzazi akija, amtazame mtoto wake peke yake na ahesabu: alitenda mara ngapi, na alingoja kwa muda gani.

Walimu wa maigizo, ngoma na muziki wa watoto