Biashara Umefunga, Deni la Kodi Bado Lipo

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata. Unauliza iweje udaiwe kodi za nyuma ilhali biashara ulishaifunga.

Kufunga mlango ni jambo moja, kufuta usajili wa kodi ni jingine. Namba yako ya mlipakodi ikibaki hai, mamlaka ya kodi huendelea kungoja ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi yako, kila kipindi. Zisipofika, inakuja faini ya kuchelewa, kisha ofisa anakadiria mapato, mara nyingi kwa kutazama miaka uliyouza vizuri, na riba inaanza kuhesabiwa. Ndivyo deni linavyopanda wakati huuzi hata kitu kimoja.

Kabla hujalipa wala kutia saini kukiri deni, omba taarifa ya akaunti yenye mchanganuo wa kila mwaka na kila aina ya kodi: kodi ya msingi peke yake, faini peke yake, riba peke yake. Kwenye miaka ya makadirio, peleka ritani halisi, hata kama ni sifuri, pamoja na ushahidi wa siku uliyoacha kazi: barua ya kusitisha pango, taarifa za benki, leseni uliyorudisha. Linganisha pia risiti zako zote, maana malipo huweza kuingizwa kwenye mwaka au kodi isiyohusika. Hapo ndipo deni hupungua kwelikweli, kwa hiyo usipite haraka.

Angalia tarehe ya notisi, yaani barua ya mamlaka inayokudai kodi hiyo. Siku za kuweka pingamizi huhesabiwa na ni chache, na sehemu usiyoipinga huenda ukatakiwa uilipe kwanza. Zikiwa zimepita, omba kuongezewa muda kwa maandishi, ueleze sababu.

Sasa, nani anadaiwa? Kama ulifanya kazi kwa jina lako, wewe na biashara ni mtu mmoja, na deni linafika hadi mali yako binafsi. Kwenye ubia, kwa kawaida kila mbia anaweza kudaiwa deni zima, hata mwenzake akitoweka. Kampuni hudaiwa yenyewe, ila wakurugenzi wasijisahau: kodi iliyokatwa kwenye mishahara na kodi ya ongezeko la thamani ni fedha mlizozishika kwa niaba ya serikali, na sheria za nchi nyingi huruhusu wadaiwe binafsi. Waliogawana mali kabla ya kulipa kodi nao hufuatwa. Na kampuni iliyofutwa huweza kurejeshwa kwenye daftari la kampuni ili idaiwe.

Kuhusu ukomo wa muda, kuna vipindi viwili ambavyo watu huvichanganya: muda wa kutathmini kodi, na muda wa kukusanya iliyokwisha kutathminiwa. Panapo udanganyifu, au ritani isipowasilishwa kabisa, kile cha kwanza mara nyingi hakianzi kuhesabika.

Kitakachobaki, omba kwanza msamaha wa faini na riba. Kodi ya msingi husamehewa kwa nadra. Kisha omba kulipa kwa awamu, kiasi unachokimudu hata mwezi mbaya, kwani ukikosa awamu moja makubaliano huweza kuvunjwa na deni lote likadaiwa papo hapo. Sambamba na hayo, omba usajili ufutwe kuanzia tarehe halisi uliyofunga, na usiridhike mpaka upewe barua ya uthibitisho.

Ukiipata taarifa ya akaunti, nitumie kurasa zote, hata zinazoonekana tupu, pamoja na bahasha ya notisi kama ina muhuri wa tarehe.

Wako akupendaye.