Mnara uache, mwangalie fundi betri

Mwanangu mpenzi,

Meseji zako zote nimezisoma, ile ya mnara wa simu kwamba unaleta saratani, ya maikrowevu na ile video ya mchele wa plastiki. Naona umeshamwambia mumeo mtafute nyumba nyingine hapo Tabora kisa mnara uko upande anaolala mtoto. Nimeona nikuandikie kirefu maana tukiongea kwenye simu tunakatishana.

Hofu yako naielewa, mtoto wa kwanza, ndo anaanza kutambaa, lazima roho iwe juu. Ila mama angu, hofu na hela vyote vinaisha, ukivimalizia kwenye mnara utakosa vya kupeleka panapohitajika.

Huo mnara unatoa mawimbi ya redio, hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, na hapo ndo meseji nyingi zinapochota maneno, ila hawakwambii kwamba kundi hilohilo lina mboga za kuchachusha wanazokula watu wa Asia. Kundi linasema ushahidi una nguvu kiasi gani, halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Simu ukiibana sikioni inakupa mawimbi mengi kuliko mnara ulioko mbali kidogo. Maikrowevu ikizima imezima, haibakizi mionzi kwenye chakula, na mchele wa plastiki usingeiva kwenye sufuria, basi hayo tuyaache.

Kilichonishtua ni kitu ulichokitaja kwa kupita tu, kwamba jirani yenu anatengeneza betri za gari hapo uani. Anazipasua, anamwaga maji yake chini, afu anayeyusha madini ya risasi yaliyomo kwenye sufuria juu ya mkaa atengeneze vichwa vipya vya betri, na mjukuu wangu anatambaa kwenye udongo huohuo na mkono unaenda mdomoni. Hapo mwanangu ndo pa kukosa usingizi. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto mdogo unainyonya mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Inaenda kwenye ubongo kimyakimya, mtoto hachemki wala hatapiki, unakuja kuona darasani anachelewa kuelewa na hujui ilianza lini.

Kaongee na huyo fundi kwa heshima, anatafuta riziki na yeye mwenyewe anajiua na hiyo kazi, muombe akayeyushie mbali na nyumba, akigoma nenda kwa mwenye nyumba, afu balozi wa nyumba kumi. Viatu viishie mlangoni. Ndani usifagie kavu, piga deki, maana ufagio unapeperusha vumbi lilelile. Mtoto anawe mikono kabla ya kula, atambae kwenye mkeka sio kwenye udongo. Na umlishe vizuri, mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalsiamu ananyonya risasi zaidi, na dagaa wanavyo vyote viwili, wakaushe uwasage na mifupa yao uweke kwenye uji wake. Nitakuwekea wa huku Ujiji kwenye treni.

La pili ni mkaa. Mi nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, wale waliokuwa wanakuja wamebanwa kifua, mbavu zinaingia ndani kila wakivuta pumzi, wengi walikuwa wanabebwa mgongoni mama akipika. Moshi wa majumbani mwaka 2020 uliua watu milioni 3.2 duniani, na watoto chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Pikia barazani, mtoto akae na mtu mwingine. Na hii baridi ya Juni na Julai ya kwenu, nakuomba kwa Mungu usiingize jiko la mkaa chumbani mkajifungia eti limeshawaka halina moshi, ile hewa yake haina harufu wala rangi, inawakuta mmelala na hamuamki.

Neti mnalala wote kila siku, sio wakati wa mvua tu, Kigoma na Tabora kwa malaria ya watoto tunapokezana kuongoza. Maji yachemke mpaka yatokote ndo uyafunike.

Yani ukitumiwa meseji nyingine, kabla hujahangaika jiulize hicho kitu kinamfikia mtoto kwa njia gani, kiasi gani na mara ngapi. Mnara unashindwa hapo hapo. Fundi betri anafaulu yote.

Hela ya kuhama itunzeni kwanza. Ukishaongea na fundi nipigie uniambie kasemaje, na akikataa kabisa na mwenye nyumba akamtetea, hapo hameni, nami nitachangia kodi ya miezi ya mwanzo.

Mama yako