Besi iende kwa wasikilizaji, si jukwaani

Mhariri,

Katika kumbi ndogo, besi hurudi jukwaani hadi mikrofoni zinanguruma. Mafundi hukimbilia kupunguza sauti, ilhali spika mbili za besi za aina moja zinatosha kuielekeza.

Weka moja nyuma ya nyingine, zote zikitazama watu, mita 1.36 kutoka uso hadi uso. Ya nyuma igeuze polariti (yaani ivute pale ya mbele inaposukuma) na uicheleweshe sauti yake milisekunde 4. Upande wa jukwaa mawimbi yatafutana. Mbele, kwenye hezi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde), yatajumlishana. Nafasi ikiwa finyu, tumia sentimita 85 na milisekunde 2.5, ingawa besi ya chini kabisa itapungua nguvu. Sauti za juu ya hezi 90 zikate, zisifike kwenye spika hizi.

Kosa baya ni kuchelewesha ya mbele kwa mpango huu: jukwaa linapata mtikisiko wote, watu wanaambulia makombo. Simama nyuma ya spika, piga besi, kisha zima na kuwasha ile ya nyuma. Ikiwaka, besi lazima ipungue pale ulipo. Isipopungua, angalia polariti kwanza. Na jamani, msizibane ukutani. Acheni angalau sentimita 60.

Fundi sauti