Dayari ya Januari isife Februari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita akilalamika kwamba kila mwaka huanza kuandika shajara mwezi Januari na kuiacha kabla Februari haijaisha, na kwamba sasa ameshaamini kuwa yeye si mtu wa nidhamu. Mimi ni muuguzi mstaafu, na katika wodi nilizofanyia kazi sikupata kumwona muuguzi, hata yule aliyejulikana kwa uvivu, akienda nyumbani bila kujaza kitabu cha ripoti ya zamu. Tulikijaza miguu ikituuma na macho yakitaka kufumba, kwa sababu saa ya kuandika ilijulikana, mambo ya kuandika yalijulikana, na mwenzetu aliyekuwa anaingia zamu alikuwa amesimama pale akiyangojea. Mtu anayeandika shajara nyumbani hana hata moja kati ya hayo, kisha akishindwa tunamwambia hana nidhamu.

Lawama ya kwanza mimi naiweka kwenye dayari yenyewe. Zile zinazogawiwa na mabenki na makampuni mwisho wa mwaka, zenye ukurasa mmoja kwa kila tarehe, zimetengenezwa kwa ajili ya miadi na vikao. Mama akikesha siku tatu na mtoto mwenye homa, siku ya nne hukuta kurasa tatu tupu zikimsuta, naye huona ni afadhali angoje mwaka mwingine aanze upya vizuri. Kaunta buku ya kawaida haina masuto hayo, kwa kuwa tarehe unaiandika mwenyewe siku unayoandika, na chini ya Jumatatu inaweza kufuata Ijumaa bila pengo lolote kuonekana.

Jambo hili la kukosa siku limewahi kuchunguzwa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, kila mmoja akilifungamanisha na jambo alilokuwa akilifanya kila siku, kama vile kumaliza kifungua kinywa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba zoea lilichukua wastani wa siku 66 kukomaa, huku makadirio ya mtu mmoja mmoja yakianzia siku 18 hadi 254, na kwamba kukosa siku moja hakukumrudisha mtu mwanzo. Kwa hiyo anayejihukumu ifikapo Februari anajihukumu mapema mno. Ningemshauri pia aache kusema ataandika “usiku akipata nafasi”, kwa sababu nafasi ya namna hiyo haipatikani katika nyumba yenye watoto. Aandike mara tu baada ya sala ya isha, au akishafunga duka na kuhesabu mauzo, au wakati chai ya alfajiri inachemka, mradi liwe jambo ambalo halipiti siku bila kulifanya.

Msomaji huyo anasema tena kwamba hajui aandike nini, kwa kuwa maisha yake hayana makubwa. Hapa ndipo ninapotofautiana naye zaidi. Mwaka 1873, David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Chuma na Susi, wawili kati ya watu hao, tunawataja hata shuleni, lakini masimulizi yao tumeyapata kupitia Mwingereza, Horace Waller, aliyewahoji na kuyaingiza katika maandishi ya Livingstone aliyokuwa akiyahariri. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa huko Nashik, India, ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye shina la mti ule, na tena aliiandika safari kwa mkono wake mwenyewe. Shajara yake ipo na inasomeka hadi leo. Msafara ulikuwa na makumi ya watu waliopita njia ileile na kuyaona yaleyale, na wengi wao hatuwajui hata kwa majina.

Sisemi kwamba kila mmoja wetu atabeba jeneza la mtu mashuhuri. Nasema anayeandika hawezi kujua mapema ni mstari upi utakaokuja kuhitajika. Katika madaftari yangu, sentensi nilizoziona nzito wakati ule, zile za kujiuliza maana ya maisha, sasa huziruka nikisoma, lakini hurudi mara kwa mara kwenye mistari iliyotaja siku mvua za vuli zilipoanza, bei ya sukari, nani alifiwa na tukachanga kiasi gani, na mtoto yupi alitoka jino wiki gani. Kwa anayeanza, mistari mitatu ya aina hiyo inatosha kabisa. Akiwa na la moyoni, litajileta lenyewe mstari wa nne.

Kuhusu hayo ya moyoni nina neno moja kama mtu wa hospitali. Mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, kwa siku nne mfululizo. Walioandika juu ya mambo yaliyowaumiza maishani, wakieleza tukio pamoja na hisia zao, walitoka wakiwa na huzuni zaidi, ila katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika juu ya mambo ya kawaida. Siku nne si mwaka mzima. Anayetaka kutua mzigo anaweza kuutua kwa siku chache katika karatasi za kando, hata akazichana baadaye, bila kuigeuza shajara yake kuwa mahali pa kuugulia kila usiku. Na ikiwa kila akiandika anazidi kuzama, aache kalamu akamwone mtaalamu.

Kikwazo ambacho washauri wengi hawakigusi ni kwamba katika nyumba zetu hakuna kitu kinachofichika. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali huko London aliyeandika shajara yake tangu Januari 1660 hadi Mei 1669, alitumia mwandiko wa mkato usiosomeka na kila mtu, na hakuacha kwa uvivu, bali kwa hofu ya kupofuka. Wazee wa Pwani waliosoma chuo cha Kurani wangeweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na sioni kwa nini aliyejaliwa ujuzi huo asiutumie leo. Asiye nao asiandike siri za watu wengine, basi. Simu nayo ina namba ya siri, nakubali, lakini simu huibwa, huharibika na hubadilishwa, na ni wachache wanaokumbuka kuhamisha walichoandika.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba badala ya kutuletea kila Januari orodha ya maazimio, utenge kona ndogo ambamo wasomaji watatuma mistari michache kutoka madaftari yao ya zamani, yenye tarehe na mahali, juu ya mvua, bei, barabara na shule za kwao. Mimi niko tayari kuanza na niliyoyaandika wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na nitayanakili kwa mkono unaosomeka.

Muuguzi mstaafu,
Korogwe, Tanga