Fungua kasha kwanza, Ilunga

Lubumbashi, Kamalondo

Ndugu yangu Ilunga,

Jambo sana. Barua yako imefika pamoja na picha ya ile ordinatere, kompyuta ya mezani iliyotumika, uliyoonyeshwa huko Kolwezi. Kwa kuwa mwenye duka anakungoja mpaka mwisho wa juma, nakujibu upesi: usiichukue. Si mbovu, ila ni nyembamba mno.

Najua umependa inavyokaa mezani. Lakini wewe hutafuti mashine ya kuandikia ripoti, unataka michezo ya kompyuta, GTA V na ya mpira, ucheze na mdogo wako. Mashine iliyotoka ofisini huwa na karibu kila kitu isipokuwa kadi ya grafiki, ile inayochora picha za michezo, na kadi inataka nafasi. Hizi Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre huja kwa maumbo mbalimbali chini ya jina lilelile. Chukua OptiPlex 9020: iko ndogo kabisa isiyoingia kadi yoyote, iko nyembamba kama hiyo yako, inayokubali tu kadi za nusu kimo, na iko ya mnara. Kadi za nusu kimo huku ni za kutafuta kwa tochi, na anayeuza anajua hivyo. Tafuta mnara, hata uwe na mikwaruzo na kibandiko cha ofisi ulikotoka.

Akikuambia "hii ni i5, papa, ya Ulaya," anasema prosesa, ubongo wa mashine; muulize i5 gani. Jina hilo liko sokoni tangu 2009! Angalia tarakimu baada ya kistari: i5-4590 ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2014, i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya 2018, na ina viini sita badala ya vinne. Windows 11 inapokea rasmi kuanzia kizazi cha nane, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa zile dola mia mbili zako, naona utaangukia kizazi cha nne. Mimi sioni ubaya. GTA V kwenye kompyuta ni ya 2015, itacheza. Mdogo wako tu ndiye asahau mchezo wa Valorant kwenye Windows 11, maana pale unadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi ambao mashine za zamani hazina kamili.

Sasa mwambie muuzaji afungue kasha mbele yako. Akikataa, rudi nyumbani. Ndani, tafuta kile kisanduku cha umeme chenye feni, usome lebo yake. Kwenye 9020 ya mnara utakuta wati 290. Waya wake unaoingia kwenye bodi kuu una pini 8, si 24 kama ilivyozoeleka, kwa hiyo usidhani utakibadilisha na chochote utakachookota sokoni. Ndiyo maana kadi yako iwe ile inayokula umeme wa tundu lake peke yake, yaani wati 75 kwenda chini. GTX 1050 Ti ya giga 4, ya mwaka 2016, inatosha kabisa. GTX 1650 ni bora zaidi, ila ziko za aina mbili: ukiona ukingoni tundu la pini sita, hiyo iache.

Hapo kwenye kadi ndipo wengi wanapoliwa feza. Kuna watu wanachukua kadi za zamani sana, wanabadilisha programu yake ya ndani, na Windows yenyewe inasoma "GTX 1050 Ti" bila aibu. Igeuze uangalie nyuma. Ukiona tundu la VGA, lile la zamani la waya wa skrini, la bluu lenye vishimo kumi na vitano, shuku mara moja, kwa sababu chipu ya 1050 Ti haitoi VGA. Kisha weka GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kwenye flashi, uifungue palepale dukani. Tangu 2018 programu hiyo inaandika "FAKE" mbele ya jina la kadi nyingi za namna hiyo. Ila ujue, kama skrini yako ni ya zamani yenye VGA tu, kadi halali itakudai kigeuzi cha HDMI.

Mengine ni madogo. Memori ziwe mbili za giga 4, si moja ya 8, na za kizazi cha nne ni DDR3. SSD, ile diski ya kasi, nunua hata ndogo. Paka upya dawa ya joto juu ya prosesa, ile ya kiwandani huwa imekauka kama udongo.

Kuhusu umeme, hii haina betri kama laptopu. Kukatika kunakera, lakini kinachoua ni ule unaorudi kwa nguvu. Usiichomeke moja kwa moja ukutani. Tia kifaa cha kusawazisha umeme katikati, na ukikatika, uchomoe kabisa mpaka utulie.

Usinunue megabaiti za kupakua GTA, ni zaidi ya giga 70. Inunue kwa akaunti yako ya Steam, halafu mdogo wako akija likizo alete diski ya nje, nitamnakilia folda yangu. Steam itakagua mafaili na kujazia machache yanayopungua.

Ukipata ya mnara, nitumie picha ya lebo ya umeme na ya nyuma ya kadi kabla hujalipa. Msalimie mama, mwambie nadai sombe yake.

Ni mimi ndugu yako,
Kabwe