Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ramani, Modeli na Makalavati

Ndugu wanachama, habari zenu. Mahesabu atayasoma mweka hazina, mi naongelea kazi tu.

Mwaka huu nguvu nyingi zimeenda kwenye modeli ya mafuriko, yaani sura ya ardhi kwenye kompyuta inayoonyesha maji yatapita wapi. Tulianza na data za mwinuko za bure, zile za SRTM (upimaji wa ardhi kwa rada) zilizopimwa na chombo cha angani Endeavour Februari 2000, ila kapikseli kamoja, yaani kale kamraba kadogo kabisa ka data, ni kama mita 30 kwa 30, sasa mtaro wa mita moja utauonea wapi humo? Ndo tukahamia picha za droni, tukaziunga kwa programu ya OpenDroneMap, ikatoka modeli safi mpaka watu wakapiga makofi, kumbe ina kituko chake: droni inaona vitu kwa juu tu, kwa hiyo daraja kwake ni ukuta, maji yakifika pale yanajaa na kurudi nyuma wakati sote tunajua yanapita chini. Waliogundua hilo si watu wa kompyuta, ni wazee wanaopita pale kila siku. Wakaenda na simu zao, kila kalavati likaingizwa OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, halafu vijana wakatoboa modeli sehemu hizo kwa QGIS, programu ya kutengeneza ramani, na maji yakaanza kupita kama yanavyopita kweli. Wasio na simu janja tuliwachapishia ramani kwenye karatasi wakachora kwa kalamu, na kusema ukweli baadhi ya karatasi zile zilikuwa bora kuliko kazi ya simu.

Kuchora majengo kwa picha za setilaiti kumeenda kasi, hongereni, ila idadi isitulevye jamani, jengo ambalo hujui ni zahanati au ghala linamsaidia nani? Na majina msiyatoe Google Maps, leseni hairuhusu na yakigundulika yanafutwa, ulizeni wenyeji.

Kuhusu 3D, programu ya SketchUp ni nzuri kwa jengo moja moja, ila kwa mtaa mzima andikeni tu idadi ya ghorofa na umbo la paa kwenye OpenStreetMap, zipo programu zinazonyanyua majengo zenyewe.

Mwakani tunaanza mafunzo ya QGIS, wanaoweza kufundisha waniambie. Wenye laptopu wawe wameshaipakua kabla ya kuja, faili ni kubwa, tukishusha wote kwa mpigo intaneti haitatubeba.