Wiki ya kwanza baada ya kujifungua yahitaji muuguzi nyumbani

Mhariri,

Hivi karibuni gazeti lenu lilichapisha barua ya msomaji aliyeshangaa kwamba siku hizi wapo wazazi hapa Nakuru wanaomlipa muuguzi aje nyumbani kumwangalia mama aliyejifungua, akauliza mama zetu walituzaaje bila mambo hayo. Swali lake nalichukua kwa uzito, kwanza kwa kuwa mimi ni mmoja wa wazazi hao, na pili kwa kuwa naamini huduma anayoiona kuwa ya wenye pesa ndiyo hasa iliyosahauliwa katika mipango yetu ya afya ya uzazi.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa usiku wa manane bila tatizo lolote, na kesho yake jioni nikaruhusiwa kurudi nyumbani Lanet. Mtoto alikuwa amechanjwa, mimi nikapewa vidonge vya kuongeza damu, na katika kijitabu cha mama na mtoto pakaandikwa tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki sita. Siwalaumu wauguzi wa wodi ile, kwa maana usiku huo niliwaona wawili tu wakihangaika na wodi nzima, na vitanda vingine vikilaliwa na kina mama wawili wawili. Lakini kati ya jioni hiyo na hiyo tarehe ya kliniki hapakuwa na mtu yeyote mwenye ujuzi aliyepangiwa kujua kama mimi na mtoto tuko hai.

Mama mkwe alikuwa amesafiri kutoka Kakamega kuja kunitunza, na alinitunza kwa moyo wote. Mume wangu, anayefanya kazi ya mkataba Naivasha, alikuwa ameomba dada mmoja, mkunga mstaafu wa mtaa wa jirani ambaye bado ana leseni, anitembelee mara nne katika siku kumi za mwanzo, kwa shilingi 1,500 kila ziara. Nakiri kwamba nilinung'unika nilipoisikia bei hiyo, kwa sababu ilikuwa pesa ya unga na ya nepi.

Siku ya nne niliamka na kichwa kinachouma. Niliona ni kukosa usingizi, na mama mkwe naye akaona hivyo hivyo, kwa sababu ni nani aliyezaa juzi asiyeumwa na kichwa? Mkunga alipofika alinifunga mashine ya presha mkononi, akapima, akangoja kidogo, akapima tena. Ilisoma 158 kwa 104. Akaniuliza kama naona nyota nyota au kama nina maumivu chini ya mbavu, kisha akamwambia mume wangu kwa simu kwamba hatusubiri kesho. Wakati wote wa ujauzito sikuwahi kuambiwa kwamba nina presha. Hospitalini nilielezwa kwamba hatari ya kifafa cha mimba, kinachoambatana na presha ya kupanda, haimalizwi na kutoka kwa kondo la nyuma, kwamba presha yaweza kupanda mara ya kwanza baada ya kujifungua, na kwamba mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, yaani wakati ambapo mama yuko kwake anapokea wageni waliokuja kumwona mtoto. Nililazwa, nikapewa dawa, nikapona. Nyumbani kwetu hakuna mtu mwingine ambaye angelijua jambo hilo, hata angenipenda namna gani.

Ningependa msomaji mwenzangu ajue kazi ya muuguzi huyo ilivyo, kwa sababu wengi hudhani anakuja kubembeleza mtoto na kufua nguo. Kila alipofika alibonyeza tumbo kutafuta kilele cha mji wa mimba, ambao baada ya kujifungua huwa karibu na kitovu na hushuka takriban upana wa kidole kimoja kila siku; usiposhuka, au ukiwa laini, yawezekana kuna mabaki ya kondo au maambukizi. Aliuliza ni pedi ngapi zimeloa tangu asubuhi, na damu ina rangi gani na harufu gani, kwa kuwa kutokwa na damu nyingi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama wazazi nchini, na hutokea hata siku kadhaa baadaye. Aliangalia nyuzi nilizoshonwa. Alimpeleka mtoto dirishani penye mwanga, akamtazama weupe wa macho na fizi, maana kwa mtoto mweusi umanjano hauonekani upesi kwenye ngozi. Alimpima uzito, akanieleza kwamba mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo na kwamba hapaswi kupita sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa kuzaliwa. Kisha alikaa kitako, karibu saa nzima, akanifundisha kumweka titini ili ashike na sehemu nyeusi ya titi wala si chuchu peke yake. Kwa mtoto wa kwanza nilikuwa nimepasuka chuchu zote mbili na kumwanzishia maziwa ya kopo kabla ya mwezi, nikidhani sina maziwa, na sikuwa nimemwambia mtu hadi siku hiyo nilipomwambia yeye. Aliniuliza pia kama ninalia nikiwa peke yangu. Hilo nalo ni la kuulizwa, kwa sababu huzuni nzito baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi, nao huificha.

Sasa nirudi kwa mama zetu. Ni kweli walitunzwa na mama zao, mashangazi na wakunga wa jadi, na mengi ya matunzo hayo ni mema: uji wa wimbi, mchuzi wa kuku, kupumzishwa kazi, kulindwa dhidi ya wageni wengi. Mama mkwe alitaka pia kunikanda tumbo kwa maji ya moto sana, kama alivyokandwa yeye. Mkunga hakumdharau. Alimwambia, "Mama, maji ya uvuguvugu ya kuoga mpe kila siku, ila tumbo tusilikande wala nyuzi tusiziunguze, na kitovu cha mtoto tukiache kikavu." Tangu hapo wawili hao wakawa wanashauriana, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akinihesabia pedi. Vilevile tusisahau kwamba tunaowasikia wakisimulia walivyozaa ni wale waliobaki wakiwa hai. Mama mkwe mwenyewe alizika mke mwenza wake aliyefariki siku ya tisa baada ya kujifungua, na hadi leo husema ilikuwa homa tu.

Tena hili si jambo la anasa hata ughaibuni. Nchini Uholanzi kila mama aliyejifungua hupata msaidizi wa uzazi nyumbani kwa siku 8 hadi 10, kwa jumla ya saa 24 hadi 80, na sehemu kubwa ya gharama hulipwa na bima ya afya. Uingereza nako mkunga wa jamii humfuata mama nyumbani katika siku za mwanzo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka mama na mtoto waonwe angalau mara tatu baada ya kutoka hospitalini: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita, nalo linapendekeza ziara za nyumbani katika wiki ya kwanza. Mimi nilipewa hiyo ya mwisho peke yake.

Kenya tunao wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliotambuliwa na Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023, na wengi wao ni kina mama wanaoijua mitaa yetu nyumba kwa nyumba. Hao waweza kupeleka habari kwamba katika ploti fulani ya Kaptembwa au Rhonda kuna mama aliyerudi jana na mtoto. Hawakusomea ukunga, hata hivyo, na si haki kuwatwika kazi ya mkunga. Wakati huohuo tunao wauguzi waliofuzu ambao wako nyumbani bila ajira, na wastaafu wenye nguvu zao. Naiomba kaunti ya Nakuru iwaajiri baadhi yao kwa ajili ya ziara hizi tu, ikianza na wadi chache, na naiomba Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tayari hulipia kujifungua, ilipie pia ziara mbili za nyumbani katika wiki ya kwanza. Kaunti yaweza kuanza bila kungoja Nairobi: Kakamega, chini ya gavana wake wa kwanza, ilianza mwaka 2013 kuwapa kina mama wasiojiweza pesa kwa awamu ili wahudhurie kliniki na kujifungulia hospitalini, na majirani wa mama mkwe walifaidika nazo.

Hadi hapo, anayemlipa muuguzi kwa pesa zake amwombe nambari yake ya leseni na kuihakikisha kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, kwa maana wameanza kuzuka watu wanaojiita wauguzi wa watoto wachanga na hawana hata mashine ya presha. Asiyeweza kulipa na akaumwa kichwa sana, akaona ukungu machoni, akaloa pedi moja ndani ya saa moja, akapata homa, au mtoto akakataa kunyonya, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu; aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Lanet, Nakuru